Mjomba anasema nyuzi nyembamba ni za watoto

Shikamoo Mzee wa Nyuzi,

Jina langu naomba ulihifadhi, maana wanaosoma safu hii ni pamoja na ndugu zangu. Niko Masasi, nina miaka 27. Mchana nabangua korosho kwenye kiwanda kidogo cha hapa mjini, jioni napiga gitaa la solo kwenye bendi yetu ya watu sita. Tunapiga harusi na sherehe, hasa kuanzia mwezi wa kumi, watu wakishaanza kulipwa hela za korosho. Msimu ukipita tunabaki na mazoezi tu.

Gitaa alininunulia mjomba, kaka yake mama. Nawe ni mtu wa kusini, unajua kwetu Wamakua mjomba ni nani. Hata mahari yangu aliyeenda kuisemea ni yeye, baba alikaa pembeni. Mjomba mwenyewe alipiga dansi Lindi miaka ya sabini na themanini, kwanza rizimu halafu solo. Siku hizi amebaki na gitaa kavu moja tu, nalo halina uzi wa kwanza, lakini akilishika bado watu wananyamaza.

Gitaa langu ni la umeme, la Kichina, umbo la Stratocaster, lina mkono wa kutikisa sauti. Lilikuja na nyuzi namba 9 nikalizoea. Mwezi uliopita mjomba akaja kukaa kwetu wiki mbili. Siku moja akatufuata mazoezini, akasikiliza nyimbo tatu, akaomba gitaa, akabonyeza mara mbili akacheka. Mbele ya wenzangu wote akasema, "Hizi si nyuzi, hizi ni nywele. Gitaa la mwanamume linafungwa waya." Akaendelea kwamba Mbaraka Mwinshehe asingegusa uzi wa namna hiyo. Kesho yake akatoa kwenye begi pakiti ya namba 12 aliyoagiza Dar kwa ajili yangu, akavuta kiti, akakaa pale hadi nikamaliza kuzifunga zote sita.

Tangu siku hiyo gitaa limenigeuka. Daraja limeinuka kwa nyuma utadhani linataka kung'oka. Nyuzi zimepanda juu sana, na nikifika freti ya 12 nahisi nabonyeza kamba ya kuanikia nguo. Kuvuta uzi wa tatu haiwezekani kabisa, huu wa sasa umezungushiwa waya kama zile za besi. Nikityuni, uzi unakwama kichwani, halafu katikati ya wimbo unaruka "tik!" na sauti inahama. Kubwa zaidi ni kwenye amplifaya. Nyuzi mbili nyembamba zinapiga kelele, lakini hizi nne nene, zenye rangi ya dhahabu, zinasikika kwa mbali kama zimefunikwa blanketi. Nimepandisha sauti, nimeshusha, wapi.

Na vidole, mzee. Mafuta ya ganda la korosho yananiunguza mchana, nyuzi zinanimalizia jioni. Wimbo ukiingia chemko, ile sehemu ya kasi, dakika ya tano tu nageuka mtu wa rizimu.

Jumamosi ya wiki ijayo tuna harusi Newala na mjomba atakuwepo, tena mbele kabisa, upande wa mama wa bwana harusi. Nikirudisha zile 9 atajua. Nikibaki na 12 nitaumbuka. Wenzangu wanasema nimwambie zimekatika. Na mwimbaji wetu naye ameongeza lake: anataka tushushe nyimbo zote nusu sauti kwa sababu juu hafiki.

Naomba kwanza unieleze kama ni kweli kwamba wapiga gitaa wa maana duniani wote hutumia nyuzi nene, na kwamba hizi nyembamba ni mambo ya vijana wa sasa. Pili, nifunge nini Jumamosi?

Mpiga solo, Masasi

MZEE WA NYUZI ANAJIBU:

Marahaba mwanangu, pole na vidole.

Kabla ya mengine, chukua tochi uangalie zile nyuzi nne nene. Umeniandikia mwenyewe kwamba zina rangi ya dhahabu, na hapo ndipo barua yako ilipojijibu nusu yake. Hizo ni nyuzi za gitaa kavu. Waya uliozungushwa juu yake ni wa mchanganyiko wa shaba, na shaba haishikwi na sumaku. Pikapu za gitaa la umeme ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana. Kinachozifanya zisikie ni chuma kutikisika juu yake. Kwa hiyo katika zile nne pikapu inasikia kile chuma chembamba cha katikati peke yake, lile koti la shaba hailioni. Zile mbili nyembamba ni chuma kitupu, ndiyo maana zinapiga kelele. Amplifaya yako ni nzima, na wala usiilaumu mikono yako.

Usimcheke mjomba kwa hilo. Enzi zetu uzi ulikuwa uzi. Mtu akipata pakiti kwa baharia au kwa mtu aliyetoka Mombasa, hakuna aliyeuliza koti lake ni la shaba au la nikeli. Ukiagiza Dar kwa simu ukasema "niletee namba 12 za gitaa," muuzaji atakupa zinazotoka zaidi, na kwa namba 12 zinazotoka zaidi ni za gitaa kavu.

Sasa hizo namba. Namba ya seti ni unene wa uzi wa kwanza kwa sehemu za elfu moja za inchi. Namba 10 ni robo ya milimita, 9 iko chini kidogo ya hapo, 12 ni kama milimita 0.3. Ukizishika kwa macho huoni tofauti ya maana, ila kidole kinaiona mara moja, kwa sababu mvuto haupandi sawasawa na unene. Uzi ukinenepa kwa theluthi moja, kama kutoka 9 hadi 12, ili utoe sauti ileile lazima uvutwe karibu asilimia 80 zaidi. Kwenye gitaa la urefu wa lako, uzi wa kwanza wa namba 9 unavuta kama kilo 6, wa namba 12 unavuta zaidi ya kilo 10 na nusu. Jumlisha zote sita: seti ya 9 inavuta shingo kwa kilo 38 hivi, seti yako mpya kwa kilo 70 na zaidi. Yaani gitaa lililokuwa linabeba chini ya mfuko mmoja wa saruji, mjomba amelitwika karibu mfuko na nusu. Daraja lisiinuke? Shingo isipinde?

Tuje kwenye swali lako la kwanza. Mjomba hasemi uongo, anasimulia ukurasa mmoja wa kitabu kirefu.

Zamani kweli nyuzi zilikuwa nene, hata kwa Wamarekani wenyewe. Gitaa la umeme lilirithi nyuzi za gitaa la bendi kubwa za jazi, ambalo lilitakiwa lisikike kati ya tarumbeta na saksafoni kabla ya amplifaya kuwa kitu cha kawaida. Uzi mnene unatikisa ubao zaidi, basi ukafungwa mnene. Magitaa ya umeme ya miaka ya 1950, Telecaster, Les Paul, kisha Stratocaster mwaka 1954, yaliwakuta watu wakiwa na mazoea hayo: seti za kuanzia 12 au 13, na uzi wa tatu umezungushiwa waya kama huu unaokutesa. Umeme ulikuwa umeshachukua kazi ya kukuza sauti, lakini nyuzi zilikuwa bado zinafungwa kana kwamba umeme haupo.

Waliovunja mazoea hayo ni wapigaji wenyewe, viwanda vilifuata nyuma. James Burton, kijana wa Louisiana aliyekuja kupiga na Ricky Nelson na baadaye na Elvis Presley, alitaka nyuzi zivutike zilie. Akachukua nyuzi za banjo, ambazo ni nyembamba, akazifunga kwenye Telecaster yake kwa zile nne za juu. Wengine walinunua uzi mmoja tu wa banjo wakaufanya wa kwanza, halafu wakasogeza nyingine zote nafasi moja: wa kwanza ukawa wa pili, wa pili ukawa wa tatu, na wa sita ukabaki mkononi. Ujanja mtupu, hakuna duka lililokuwa linauza seti ya hivyo.

Duka lilikuja kupatikana California. Ernie Ball alikuwa na duka la magitaa na alikuwa anawaona wanafunzi wanavyohangaika na ule uzi wa tatu mnene. Akawaomba kampuni ya Fender watengeneze seti nyepesi, wakakataa. Akatafuta wa kumtengenezea, akaanza kuuza kwa jina lake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Seti zake mbili zilizokuja kuenea, ya 10 hadi 46 (yaani uzi wa kwanza hadi wa sita) na ya 9 hadi 42, ndizo mpaka leo ukiingia duka lolote la vyombo utazikuta mbele. Kwa hiyo hizo "nywele" zako zina umri wa mjomba, au zinamkaribia.

Halafu sikiliza walivyotofautiana wakubwa wenyewe. Jimi Hendrix alifunga 10 na akashusha gitaa nusu sauti. Stevie Ray Vaughan, aliyempenda Hendrix kuliko maelezo, alifunga 13, naye akashusha nusu, na vidole vilipochanika alivipaka gundi akaendelea. Huyo ndiye vijana wengi wanamtaja wakitaka kukuaminisha kwamba unene ndio sauti. Lakini Billy Gibbons wa ZZ Top anafunga 7, ndiyo, saba, na gitaa lake linanguruma kama lori la korosho linapanda uwanda wa Makonde. Mwenyewe husimulia kwamba alikuwa mtu wa nyuzi nzito mpaka siku B.B. King alipoomba kulijaribu gitaa lake, akamrudishia huku akimuuliza anajitesa kwa nini. B.B. King mwenyewe alianza na 10 kwa juu, akawa na 54 kwa chini. Brian May wa Queen anapiga nyuzi nyepesi, tena kwa sarafu badala ya piki.

Lakini wa kwako wewe, mbangua korosho, ni Tony Iommi. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, mashine ya kiwanda cha bati mjini Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, vilikuwa ni vidole vya mkono anaobonyezea. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki kwa kuyeyusha chupa, akafunga nyuzi nyembamba kabisa, za banjo zikiwemo, na baadaye akaanza kushusha gitaa ili zilegee zaidi. Muziki mzito wa bendi yake, Black Sabbath, ambao watu wanadhani unahitaji nyuzi kama nondo, ulitoka kwenye nyuzi laini zilizolegezwa kwa sababu ya maumivu. Mjomba akikuuliza mwanamume ni nani, mpe huyo.

Baada ya hapo mambo yalirudi nyuma kwa sababu nyingine. Miaka ya 1990 bendi za roki zikaanza kushusha magitaa chini sana, na magitaa ya nyuzi saba yakaingia madukani. Uzi ukilegezwa mno unatapatapa, basi wakanenepesha ili ukaze. Siku hizi tena wako wanaorudi kwenye 9 na 8. Fasheni inazunguka kama kitenge. Ukifuatilia, utaona kila aliyebadilisha unene alikuwa na kitu kinachombana: sauti isiyosikika, kidole kilichokatika, ufunguo ulioshushwa.

Mjomba naye alikuwa na chake, na hiki nakisema kwa ushahidi wa macho yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini, sisi Lindi hatukuuliza uzi ni namba ngapi, tuliuliza upo? Ukikatika karibu na kichwa, tuliunga fundo juu ya kile kijimfupa cha mikato kinachopokea nyuzi kichwani na kuendelea. Zikifa sauti kwa jasho, tulizichemsha kwenye sufuria, tukazianika, zikaishi wiki moja zaidi. Na uzi wa kwanza ukikosekana kabisa, tulifumua waya wa breki ya baiskeli, tukachomoa unywele mmoja wa chuma. Unakata kidole kama wembe, lakini harusi inamalizika. Franco wa Kongo naye husimuliwa kwamba gitaa lake la kwanza la utotoni lilikuwa na nyuzi za waya wa umeme uliochunwa. Uzi mnene ulikuwa unadumu, haukatiki ovyo, na kwetu kudumu ndiko kulikuwa ubora. Mjomba akisema "gitaa linafungwa waya," mimi namsikia mtu aliyewahi kusimama jukwaani na nyuzi nne.

Mbaraka tumwache apumzike. Alifariki 1979, tusimtie maneno kinywani.

Sasa Jumamosi. Nimeisoma barua yako mara mbili, na aliyekuletea dawa ni mwimbaji wenu. Mkubalie, shusheni nusu sauti, na wewe funga seti ya 10 hadi 46 ya gitaa la umeme, koti la nikeli, rangi ya fedha. Uzi ukishushwa nusu sauti mvuto wake unapungua kama asilimia 11. Ule wa kwanza wa namba 10 unaovuta kilo 7 na ushee utashuka hadi 6 na nusu, karibu kabisa na 9 yako uliyoizoea. Vidole vyako vitahisi vimerudi nyumbani. Mwimbaji atafika juu. Na pakiti itasomeka 10, si 9, kama mjomba atataka kusoma. Mtu wa kinanda abonyeze kile kitufe cha kuhamisha ufunguo, hasi moja, basi. Mwenye besi ashushe nyuzi zake zote nusu. Kodi mtashika zilezile (za muziki nasema, si za halmashauri).

Kwa nini nisikurudishe tu kwenye 9? Kwa sababu ya chemko. Sisi watu wa dansi hatuvuti sana nyuzi kama Wamarekani wa bluzi. Tunapiga vipande viwiliviwili, juu ya shingo, kwa haraka, saa tatu mfululizo, na mtu akipagawa anabonyeza kwa nguvu. Uzi mwembamba uliolegea ukibonyezwa kwa nguvu unapanda sauti kidogo, na vile viwili unavyovipiga pamoja vinagombana. Hapo mjomba ana hoja ingawa kaisema kwa matusi. Ukishusha nusu ukiwa na 9 itakuwa mbaya zaidi, zitachezacheza chini ya piki. Na kama baadaye mkono ukikomaa ukataka ugumu kidogo, 11 zilizoshushwa nusu zinavuta zaidi kidogo tu ya 10 za kawaida. Ila usiguse hizo msimu huu, hasa na vidole vilivyoungua. Ngozi iliyobabuka kwa mafuta ya korosho haitengenezi sugu, inatengeneza kidonda. Vaa glovu kazini hata kama wenzako wanacheka.

Kufunga. Agiza leo, basi la Dar lifike mapema, na sema "za gitaa la umeme" mara mbili. Usizitoe nyuzi zote sita kwa mpigo, toa mojamoja na kuweka mpya, shingo isishtuke. Geuza gitaa nyuma, fungua kile kifuniko, utakuta springi, kwa kawaida tatu, zimeshikwa na kibati chenye skrubu mbili ndefu. Ushauri wangu ambao wapenzi wa ule mkono wa kutikisa hawataupenda: kaza skrubu hizo mpaka daraja lilale kabisa juu ya ubao. Kwenye dansi huo mkono unauhitaji mara ngapi? Daraja linaloelea lina tabia moja mbaya, uzi mmoja ukikatika, springi zinalivuta nyuma na zile tano zilizobaki zote zinapanda sauti. Likilala, uzi ukikatika unamaliza wimbo na tano. Mimi nimemaliza na nne.

Shingo iache itulie usiku mmoja. Asubuhi bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie katikati. Panatakiwa paonekane upenyo wa kadiri ya karatasi nene. Ukiwa mkubwa, kile chuma cha ndani ya shingo kikazwe kwa ufunguo ule mafundi wa pikipiki wanauita alenki, robo mzunguko tu, halafu ngoja tena. Anayezungusha kwa hasira hununua shingo nyingine. Mwisho, piga uzi kwenye freti ya 12 kwa kugusa tu, kisha kwa kubonyeza. Ukibonyeza ikatoka juu zaidi, sogeza kile kitandiko chake cha darajani kirudi nyuma. Ule mkwamo wa "tik" ulitoka kwenye mikato ya kijimfupa cha kichwani. Ilichongwa kwa 9, ikalazimishiwa 12. Kwa 10 mara nyingi hailalamiki, na ukiona bado, sugua ncha ya penseli ndani ya mkato. Usichonge kwa msumeno, nakuomba.

Mambo mawili ya Newala. Kule juu usiku kuna baridi kuliko Masasi, na uzi wa chuma ukipoa sauti inapanda. Liache gitaa nje ya begi nusu saa ndipo mtyuni wote pamoja. Na beba kitambaa kikavu, futa nyuzi kila mnapopumzika, jasho ni chumvi. Mimi nakaa Mikindani, bahari iko hapo dirishani, seti nisiyoifuta inaanza kutu ndani ya wiki.

Limebaki la mjomba. Hilo la "zimekatika" achana nalo. Nyuzi sita hazikatiki siku moja, na mtu aliyepiga miaka ile anajua. Mfuate kabla ya harusi, si siku ya harusi, umwamkie, ukae chini, umwambie ukweli ulivyo: mjomba, zile ulizoniletea zimeonekana ni za gitaa kavu, tazama rangi, koti lake ni la shaba, na sumaku haishiki shaba. Leta hata uzi mmoja wa kila aina, aushike na kulinganisha mwenyewe. Mtu mzima ukimwonyesha kitu akakishika kwa mkono wake, hajisikii amefundishwa. Halafu muulize swali ambalo mimi ningependa kusikia jibu lake: bendi yenu mlikuwa mnatyuni kwa nani? Kwa sababu bendi zenye saksafoni na tarumbeta zilikuwa na desturi zake, na gitaa ndilo lililowafuata wapulizaji. Kama walikuwa wanashusha, basi zile nyuzi zake nene hazikuwa zinavuta kama anavyokumbuka, na atalisema mwenyewe bila wewe kumsukuma. Mwombe pia akupigie kipande kimoja kwenye 10 zako, mkiwa wawili tu, wenzako wasiwepo.

Na zile 12 usizitupe wala usizikate. Zikunje kila moja peke yake, zirudishe kwenye pakiti yake kwa mpangilio. Uliniandikia kwamba gitaa kavu la mjomba halina uzi wa kwanza. Mpelekee, umfungie zote sita, na ukae pale kwenye kiti mpaka amalize kutyuni.

Mzee wa Nyuzi, Mikindani